Kilo Tano Juu ya Atlantiki: Balsa, Karabai na Ndege ya Mzee Maynard Hill

 Leo tunaelekea Cape Spear, rasi ya mawe katika kisiwa cha Newfoundland, ambayo ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya nchi ya Kanada. Jioni ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti mwaka 2003, yapata saa mbili kasorobo kwa saa za huko, jua la kiangazi likiwa bado halijazama, mzee wa miaka 77 alisimama hapo akiwa ameinua kwa mkono wake ndege ndogo iliyokuwa ikinguruma. Mzee huyo alikuwa haoni vizuri. Kisheria alihesabiwa kuwa kipofu. Masikio nayo yalikuwa mazito. Akaitupa mbele. Ndege ikashika hewa, ikapanda, ikaelekezwa baharini, na baada ya muda mfupi haikuonekana tena.

Mzee huyo ni Maynard Hill, mtaalamu wa metali aliyestaafu kutoka maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimboni Maryland, nchini Marekani. Ndege yake ilikuwa na mabawa yenye upana wa mita 1.8 hivi kutoka ncha hadi ncha, na kiwiliwili cha urefu unaokaribia huo huo. Aliiita The Spirit of Butts' Farm, kwa heshima ya Beecher Butts, mkulima wa Maryland aliyewaruhusu Hill na wenzake kufanya majaribio yao juu ya shamba lake. Jina hilo lina mzaha ndani yake, kwani linaiga lile la ndege ya Charles Lindbergh iliyovuka Atlantiki mwaka 1927. Lakini safari yenyewe haikuwa mzaha. Mbele ya kile chombo cha mbao kulikuwa na kilomita 3,000 za maji, na hapakuwa na mahali pa kutua hadi Ireland.

Kabla hatujaendelea, haki itendeke. Ndege isiyo na rubani ilikuwa imekwisha kuivuka bahari hiyo miaka mitano kabla, mwezi Agosti mwaka 1998. Hiyo iliitwa Laima, nayo ilikuwa chombo cha kuchunguzia hali ya hewa chenye uzito wa kilo 13 hivi. Hill alikuwa amejifunga kwa kanuni nyingine, zile za shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, zinazoeleza ni kipi kinachostahili kuitwa ndege ya mfano kwa ajili ya rekodi. Ndege hiyo isizidi kilo 5 inapoondoka, pamoja na mafuta yake yote, na injini yake isizidi sentimeta za ujazo 10. Kilo tano tu. Humo iingie mbao, injini, betri, mitambo ya kuongozea, na mafuta ya kufikia ng'ambo ya pili ya bahari.

Hesabu yake, msikilizaji, ndiyo inayonifanya nilete habari hii, kwa sababu inaeleza kwa nini mtu mzima akae na mizani mezani akipima vipande vya mti. Injini aliyokwisha kuitengeneza Hill ilikunywa mafuta yasiyofika gramu 60 kwa saa. Kwa mwendo iliokuja kwenda, kila saa ilikuwa sawa na kilomita 78. Sasa kwa kuwa jumla haiwezi kupita kilo 5, kila gramu 60 unazozipunguza katika mbao, gundi au nyaya zinageuka kuwa saa nzima ya mafuta. Na kila gramu 60 unazozizembea zinakuangusha kilomita 78 kabla ya pwani. Wengi wetu tunapochagua mbao tunauliza bei na uimara. Yeye alikuwa akiuliza mbao hii itanitupa wapi.

Mbao yenyewe ni balsa. Mti huu huota katika misitu yenye joto na mvua ya Amerika ya Kati na Kusini, na sehemu kubwa kabisa ya balsa inayouzwa duniani hutoka nchini Ekuador. Wataalamu wa mimea huuita Ochroma pyramidale. Jina la balsa ni la Kihispania, na maana yake ni chelezo, yaani magogo yaliyofungwa pamoja ili yaelee, kwani Wahispania walipofika pwani zile waliwakuta wenyeji wakisafiri juu yake. Watu wetu wa pwani na bara wanaweza kushangaa kusikia kwamba mti huu ni ndugu wa mbuyu na msufi. Zote ni za ukoo mmoja. Hata tunda lake likipasuka hutoa nyuzinyuzi laini zinazofanana na sufi tuliyokuwa tukijazia mito.

Balsa ni mti wenye haraka. Msitu ukipata uwazi, mti mkubwa ukianguka au mto ukihama, balsa huwa miongoni mwa ile inayotangulia kuota, na katika muda wa miaka sita hadi kumi huwa umekwisha kurefuka kupita mita 18 na kufaa kukatwa. Ukiachwa uzeeke, mbao ya nje huwa nzito na moyo wake huanza kuoza. Siri ya wepesi wake ni kwamba ndani umejaa vijumba vikubwa vyenye kuta nyembamba, na mti ukiwa hai vijumba hivyo hujaa maji. Gogo lililokatwa leo ni zito. Hukaushwa katika tanuru, maji yakatoka, kikabaki kitu ambacho sehemu kubwa ya ujazo wake ni hewa. Mita moja ya ujazo ya mpingo ina uzito wa kilo 1,200 hivi, ndiyo maana mpingo huzama. Mninga huwa kama nusu ya hapo. Balsa ya kawaida ni kilo 160 hivi, na ile nyepesi inayotafutwa na mafundi wa ndege hushuka hata chini ya kilo 100.

Mimi nilikulia Singida, na ndege yangu ya kwanza ilikuwa ya mabua. Yeyote aliyecheza katika mashamba ya mtama baada ya mavuno anaijua kazi hiyo: unambandua bua ganda lake gumu, unabaki na ute mweupe mwepesi wa ndani, kisha yale maganda unayachonga kuwa vijiti vya kuunganishia. Bila kujua, tulikuwa tukifanya alichofanya Hill, yaani kuweka kitu laini na chepesi pale panapohitaji umbo tu, na kitu kigumu pale panapobeba mzigo. Nilipoipata balsa mkononi kwa mara ya kwanza, nikiwa tayari ughaibuni na mvi zimeanza, nilicheka peke yangu dukani. Ni bua!

Ndege za kuchezea zilianza muda mrefu kabla ya balsa kuingia katika fani hiyo. Mwaka 1871, katika bustani ya Tuileries mjini Paris, Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha kindege cha urefu wa nusu mita kilichoendeshwa kwa mpira uliosokotwa, kikaenda kwa sekunde 11. Mnamo mwaka 1878, Orville na Wilbur Wright, wakiwa bado wavulana, waliletewa na baba yao kichezeo cha kuruka kilichoundwa kwa kizibo, mianzi na karatasi. Mianzi na misonobari ndiyo iliyotawala wakati huo. Balsa iliingia kwa nguvu katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na ilipoingia ikafunga mlango nyuma yake. Mwaka 1937 ndugu wawili wa Michigan, William na Walter Good, walirusha ndege ya mfano yenye mabawa ya mita 2.4 hivi, wakaiongoza kwa redio. Iliitwa Guff, na sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Walter Good baadaye alifanya kazi katika maabara ile ile ya Johns Hopkins alikokuwa Hill.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mbao hii ya watoto ikaenda vitani. Ndege ya Kiingereza ya Mosquito, iliyoruka kwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, ilikuwa na kiwiliwili cha balsa iliyobanwa katikati ya plaiwudi nyembamba ya mti wa mbetula. Balsa haikubeba mzigo mkubwa yenyewe. Kazi yake ilikuwa kuzishika zile ngozi mbili zisikaribiane wala zisijikunje, na kwa njia hiyo ukuta mwepesi ukawa mgumu kama wa chuma. Ziliundwa Mosquito 7,781. Vita vilipokwisha, mwaka 1947, Thor Heyerdahl wa Norway na wenzake watano walifunga magogo tisa ya balsa, wakayaita Kon-Tiki, wakaelea kwa siku 101 kutoka Callao nchini Peru hadi matumbawe ya Raroia katika visiwa vya Polynesia. Wao waliyachagua magogo mabichi, yenye utomvu ndani, na utomvu huo ukazuia maji ya chumvi kupenya. Mjenzi wa ndege akipewa gogo kama hilo angelikataa kabisa. Mti mmoja, kazi mbili, na sifa ya huku ni kasoro ya kule.

Sasa tuingie katika uchaguzi wenyewe, na hapa niruhusu nichelewe kidogo. Balsa huuzwa kwa vibao vyembamba. Chukua ubao wa urefu wa sentimeta 91, upana wa sentimeta 10 na unene wa milimita 3. Ukiwa wa balsa ya kilo 100 kwa mita ya ujazo, utakuwa na gramu 27. Ukiwa wa kilo 200, utakuwa na gramu 55. Kwa macho huwezi kuzitenganisha mbao hizo mbili. Bei ni moja, na zimelala katika rafu moja, pengine zimetoka katika gogo moja. Ndege kubwa yaweza kula vibao ishirini vya namna hiyo. Ukiokota tu bila kupima, tofauti ni zaidi ya nusu kilo. Kwa hesabu ya Hill hizo ni saa tisa za safari, karibu kilomita 700. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mjenzi, kabla ya kisu, ni mizani, hata ile ndogo ya jikoni.

Lakini wepesi peke yake ni mtego. Mhimili wa bawa, ule unaopita katikati na kubeba uzito wote, ukiufanya kwa balsa nyepesi kupita kiasi utavunjika hewani. Hapo hutafutwa balsa nzito na ngumu, yenye nyuzi zilizonyooka, au mbao nyingine kabisa, kama misonobari iliyokaushwa vizuri. Kwenye kingo za bawa unachagua ya wastani. Kwenye mbavu, nyepesi. Na mkiani, nyepesi kuliko zote, kwa sababu nitakayoieleza kwa aibu punde si punde.

Kisha kuna suala la namna gogo lilivyopasuliwa. Mbao iliyopasuliwa kwa kufuata mzunguko wa gogo huonyesha nyuzi ndefu, nayo hupinda kwa hiari. Hiyo ndiyo ya kufunikia sehemu za mviringo. Mbao iliyopasuliwa kuelekea moyo wa gogo huwa na madoadoa yanayong'aa kama magamba ya samaki. Hiyo haipindi. Ukiilazimisha, inapasuka. Lakini kwa ubavu wa bawa, unaotakiwa usimame wima na usijikunje, hakuna inayoishinda. Fundi mzoefu huushika ubao kwa ncha za vidole, akaupinda kidogo, akausikiliza. Ninapomfikiria Hill, ambaye macho yalikuwa yamemtoka polepole, nakumbuka kwamba sehemu kubwa ya kazi hii ni ya vidole.

Nami nieleze aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mpwa wangu tuliazimia kuunda ndege ya mabawa ya mita mbili. Tulinunua balsa kwa kutazama rangi. Kwa mkia nilichagua mimi mwenyewe vibao vizuri, vyeupe, vigumu, visivyo na doa, nikamwambia kijana kwamba mkia lazima uwe imara. Ndege ilipokamilika tukaitundika kwa vidole mahali pa mizani yake, ikakaa kitako kama mbuzi aliyechoka. Mkia ulikuwa na gramu 40 za ziada. Lakini mkia uko mbali na kitovu cha uzito, na pua iko karibu. Katika ndege yetu umbali wa nyuma ulikuwa mara tatu ya ule wa mbele. Kwa hiyo gramu 40 za nyuma zilidai gramu 120 za risasi mbele. Tukazitia. Ikaruka, ndiyo, lakini ilikuwa nzito, na katika kona ya pili ilipungukiwa na mwendo, ikalala ubavu, ikashuka. Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 13. Alivikusanya vipande bila kusema neno, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakuniuliza kitu. Bawa lilikuwa kazi ya mikono yake, na halikuwa na kosa lolote.

Vifaa vingine havina fahari. Unahitaji ubao wa kujengea ulionyooka kikamilifu, kwa sababu bawa litakalojengwa juu ya meza iliyopinda litapinda hivyo hivyo milele. Unahitaji pini nyingi, wembe mkali unaobadilishwa mara kwa mara, kwani wembe butu huponda balsa badala ya kuikata, na msasa uliobandikwa juu ya kipande cha mbao bapa. Karatasi ya nailoni hutandikwa juu ya ramani ili gundi isiing'ang'anie. Kuhusu gundi, ile nyeupe ya maseremala hupenya ndani ya mbao na kuacha kiungo chenye ustahimilivu, ila inataka subira ya usiku kucha. Ile ya papo kwa papo inashika kabla hujapumua, lakini kiungo chake ni kikavu, na mtetemo wa injini huweza kukivunja. Epoksi ni imara kuliko zote na nzito kuliko zote. Wajenzi huiweka pale injini inapofungwa, na kwingineko huionea choyo. Tone la gundi linalochuruzika nje ya kiungo halishiki kitu chochote. Linasafiri bure.

Mifupa ikikamilika, huvikwa ngozi. Zamani ilikuwa karatasi nyepesi kama ya kishada, au hariri, ikapakwa vanishi ya selulosi ikakaza kama ngozi ya ngoma. Siku hizi hutumika utando wa plastiki unaonywea kwa joto la pasi. Ndege ya Hill ilivikwa Mylar, ambayo ni nyembamba, haipitishi maji, na hailegei kwa unyevu. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini, penye ukungu na manyunyu, karatasi ingeweza kunywa maji usiku kucha, na maji nayo yana uzito.

Tufikie injini. Hill alitumia injini ya Kijapani ya O.S. yenye mipigo minne, ya sentimeta za ujazo 10, inayopatikana madukani, kisha akaibadilisha. Injini nyingi za ndege za mfano huchoma methanoli iliyochanganywa na oili. Methanoli ni mafuta yanayosameheka. Injini huwaka kwa urahisi na haichemki sana. Lakini kilo moja ya methanoli ina takriban nusu tu ya nishati iliyomo katika kilo moja ya petroli. Weka hilo katika mizani ya kilo 5. Kama safari inahitaji kilo mbili na zaidi za mafuta ya jamii ya petroli, ya methanoli ingedai karibu mara mbili yake, na hapo pasingebaki nafasi ya ndege yenyewe. Hill akageukia mafuta ambayo Wamarekani hutia katika karabai zao za kambini, ya chapa ya Coleman. Yasikuchanganye, msikilizaji: sio mafuta ya taa tunayotia sisi katika karabai. Ni jamii ya petroli, ila yamesafishwa sana, hayana rangi wala viungo vya kuchafua plagi na kabureta. Ukayatia kilainishi kidogo, yakawaka safi kwa saa 38 mfululizo. Mtu aliyefanya utafiti wa metali alilipata jibu katika duka la vifaa vya kupigia kambi.

Hakuwa mgeni wa rekodi, huyu mzee. Mwaka 1970 aliipandisha ndege ya mfano, iliyoongozwa kwa redio kutoka chini, hadi kupita mita 8,000, yaani zaidi ya kilomita mbili juu ya kilele cha Kilimanjaro. Katika maisha yake aliweka rekodi 25 za dunia. Aliwahi pia kubuni mtambo wa kusawazisha ndege kwa kutumia umeme uliotanda angani. Lakini Atlantiki ilikuwa habari nyingine, kwa sababu hakuna mwanadamu anayeweza kuiongoza ndege kwa macho hadi ng'ambo ile. Ilibidi ijiongoze. Ndani ya kiwiliwili cha balsa, Hill na wenzake waliweka mtambo mdogo wa kompyuta uliosoma mahali kwa satelaiti na kurekebisha mwelekeo, pamoja na kisambazaji cha kutuma taarifa. Hivyo navyo vilipimwa gramu kwa gramu.

Majaribio ya kwanza yalifanyika mwezi Agosti mwaka 2002. Ndege zilirushwa kutoka Newfoundland, na bahari ikazichukua. Mtu ambaye hajawahi kujenga anaweza kudhani kupoteza ndege ya mbao ni kupoteza mbao. Ni kupoteza miezi ya majira ya baridi mezani. Hill alirudi Maryland, akajenga tena. Ile iliyoondoka mkononi mwake jioni ya tarehe 9 Agosti 2003 ilijulikana kwa vifupisho kama TAM 5, yaani ya tano katika jitihada za kuvuka Atlantiki.

Ilipanda hadi mita 300 hivi juu ya maji na kushika njia yake. Usiku ukaingia. Mzee alibaki Newfoundland akisubiri taarifa. Kuna wakati taarifa za satelaiti zilikatika kwa saa kadhaa, na kwa watu waliokwisha kuona bahari ikimeza ndege za mwaka uliotangulia, ukimya ule ulikuwa na maana moja tu. Kisha zikarudi. Ilikuwa ingali hewani, ingali inaelekea mashariki. Ikapita mchana wa Jumapili, ukaja usiku wa pili.

Upande wa pili, katika ufuko wa Mannin karibu na mji wa Clifden, magharibi ya Ireland, kikundi cha watu kilikuwa kinatazama angani. Mahali hapo hapakuchaguliwa kwa bahati. Jirani na hapo ndipo John Alcock na Arthur Whitten Brown walipoangukia matopeni mwezi Juni mwaka 1919, baada ya safari ya kwanza ya ndege kuvuka Atlantiki bila kutua, nao pia walikuwa wameondoka Newfoundland. Na kama vile historia inapenda utani, mtu aliyekuwa ameshika redio ya kuongozea kule ufukoni mwaka 2003 naye aliitwa Brown: Dave Brown, rais wa wakati huo wa chama cha ndege za mfano cha Marekani. Jumatatu tarehe 11 Agosti, yapata saa nane mchana kwa saa za Ireland, kindege kikatokea upande wa bahari. Brown akakitwaa kutoka kwa kompyuta, akakizungusha, akakitua.

Muda uliopita ni saa 38, dakika 52 na sekunde 14. Umbali uliohesabiwa ni kilomita 3,028. Ndani ya tangi yalibaki mafuta machache, ambayo yasingetosha hata saa moja zaidi. Rudi kidogo katika hesabu yetu ya awali, msikilizaji, na ujaribu kuubadilisha ubao mmoja tu wa gramu 27 kwa wa gramu 55, kisha mwingine, kisha mwingine. Vibao vitatu au vinne vilivyochaguliwa ovyo, na ndege ile ingeishia majini huku watu wa Clifden wakiitazama.

Maynard Hill alifariki dunia mwezi Juni mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 85. Tangu wakati huo balsa yenyewe imepitia misukosuko. Mabawa makubwa ya mitambo ya kuzalisha umeme kwa upepo hujengwa kwa mtindo ule ule wa Mosquito, kitu chepesi katikati ya ngozi mbili ngumu, na mnamo mwaka 2019 na 2020 mahitaji hayo, hasa kutoka China, yalipanda ghafla. Bei ikaruka. Wakataji wakaingia katika mito ya Amazoni ya Ekuador, hata katika ardhi za wenyeji, wakaikata balsa ya mwituni bila kibali. Baadaye watengenezaji wengi wa mitambo hiyo waligeukia povu gumu la plastiki. Kwa muda fulani hata sisi wa ndege za kuchezea tulikuta rafu tupu, na mwenye duka akituuliza kama tunaweza kungoja. Lililokuwa gumu kwangu si kungoja. Ni kujua kwamba ule ubao mweupe mwepesi ambao tumeuzoea kama bua la shambani ulikuwa na watu pembeni yake, waliokuwa wakisikia misumeno usiku.

Mpwa wangu sasa ni kijana wa miaka 19. Mwaka jana alinipigia simu, akasema lile bawa lake bado liko, alilitunza juu ya kabati, na akaniuliza kama nina mizani. Tulikwenda dukani pamoja. Alichukua vibao kumi na vinne, akapima kimoja kimoja, akaniachia mimi kazi ya kuandika namba kwa kalamu ya risasi pembeni ya kila ubao. Vitatu vilitosha kwa mkia. Vingine akavirudisha rafuni kwa adabu, kwa mpangilio aliovikuta.